KUPIGA PICHA WANYAMA WEUPE WA PORINI

Haya ni maneno ya hotuba iliyotayarishwa kwa ajili ya wakazi wa Silibwet, katika Bomet, na kwa wasomaji wengine wote wakaao karibu na misitu na mbuga za wanyama.



Maji ya mto Nyangores, yapitayo katika nchi hii ya chai na maziwa, hayaishii hapa. Hutoka katika msitu wa Mau, hupita karibu na Tenwek na Bomet, kisha huungana na maji ya mto Amala, na tangu hapo mto huitwa Mara. Mto huo huingia katika mbuga ya Maasai Mara, huvuka mpaka na kupita Serengeti katika Tanzania, na mwisho humwagika katika ziwa Victoria upande wa Musoma. Kwa hiyo wanyama wanywao maji ya mto Mara si wanyama wa watu wa mbali. Ni majirani wa watu wa Silibwet, maana wote hunywa katika mtungi mmoja.

Miongoni mwa majirani hao huzaliwa mara moja moja mnyama asiyefanana na wenzake kwa rangi. Mwezi wa Septemba 2019 alionekana katika Maasai Mara mtoto wa punda milia ambaye hakuwa na milia, bali mwili wake ulikuwa wa rangi ya giza wenye madoa madogo meupe, mfano wa kanga. Kiongozi wa watalii aliyemwona, Bwana Antony Tira, alimpa jina lake mwenyewe, na kwa siku chache picha ya Tira ilikuwa imefika pembe zote za dunia. Mapema mwaka huo huo, mpiga picha Sergio Pitamitz alimpiga picha huko Serengeti punda milia mwenye milia ya rangi ya dhahabu hafifu. Tena mwaka 2022, katika Maasai Mara, alipigwa picha mtoto wa tembo mwenye ngozi ya rangi ya waridi akifuatana na mama yake.

Zamani habari kama hizi zilikuwa hadithi za wawindaji na wachungaji. Siku hizi kijana apitaye kando ya msitu akienda kuchuma chai au kupeleka maziwa ana kamera ndani ya mfuko wake, maana simu ya mkononi ni kamera. Yaweza kutokea siku moja mnyama mweupe akasimama mbele yake. Atakalofanya katika dakika chache zile ni jambo kubwa kuliko adhaniavyo. Picha moja yaweza kumlinda mnyama, nayo yaweza kumwonyesha adui njia ya kumfikia. Basi kusudi la maneno haya ni kueleza jinsi picha njema ipatikanavyo, na jinsi mnyama aliyepigwa picha awezavyo kubaki hai.

WEUPE HUU HUTOKA WAPI

Katika mwili wa binadamu na wa mnyama mna rangi iitwayo melanini. Hiyo ndiyo itiayo weusi au hudhurungi katika ngozi, nywele na macho. Mnyama zeruzeru wa kweli ni yule ambaye mwili wake hauwezi kutengeneza rangi hiyo. Manyoya yake huwa meupe au ya manjano hafifu, pua na midomo yake huwa ya waridi, na macho yake huonekana mekundu au ya waridi, kwa sababu damu iliyomo ndani ya jicho haina kitu cha kuificha.

Hali hii hurithiwa. Mara nyingi baba na mama wote wawili wana rangi ya kawaida, lakini kila mmoja amebeba ndani yake sehemu moja ya urithi yenye kasoro bila kuonyesha dalili yo yote. Mtoto akipata sehemu hiyo kwa baba, akaipata na kwa mama pia, huzaliwa bila melanini. Kwa wazazi wa namna hiyo, nafasi ya kuzaliwa mtoto kama huyo ni moja katika nne kwa kila uzazi. Hapana laana katika jambo hili, wala mama hakutazama kitu kibaya alipokuwa na mimba.

Lakini melanini si pambo tu. Ni mwavuli wa ngozi dhidi ya jua, na huhitajiwa pia jicho linapojengeka tumboni mwa mama. Kwa hiyo mnyama zeruzeru huona hafifu, huumizwa na mwangaza mkali, na ngozi yake huungua upesi. Tena hawezi kujificha vema. Simba mwindaji humwona, na swala anayewindwa humwona vile vile. Ndiyo sababu wachache sana hufikia utu uzima porini, na ndiyo sababu picha zao ni adimu.

Uko weupe wa namna ya pili, ambao wataalamu huuita leusizimu. Hapo mwili waweza kutengeneza melanini, lakini chembechembe zinazopaswa kuieneza katika ngozi na manyoya hazikufika mahali pake. Mnyama huwa mweupe mwili mzima au mabaka mabaka, lakini macho yake hubaki meusi au yenye rangi yake ya asili. Simba weupe wa Timbavati katika Afrika Kusini, waliojulikana ulimwenguni kwa kazi ya Chris McBride aliyewaona mwaka 1975, mara nyingi huhesabiwa katika namna hii. Twiga weupe wa Afrika ya Mashariki, watakaotajwa hapa chini, ni wa namna hii pia.

Basi kazi ya kwanza ya picha ni kutenganisha weupe huu na ule. Macho ya binadamu hudanganyika, hasa katika furaha na haraka. Picha iliyoonyesha wazi jicho, pua na kwato za mnyama humwezesha mtaalamu aliye mbali kukata shauri. Picha isiyoonyesha ila mgongo mweupe ndani ya majani haithibitishi neno.

Kwa watu wakaao karibu na msitu wa Mau lipo onyo moja zaidi. Mbega, yule nyani mwenye joho jeupe na mkia wa manyoya marefu, huzaa mtoto mweupe kabisa mwenye uso wa waridi. Mtoto huyo si zeruzeru. Ni desturi ya mbega wote, na baada ya miezi michache rangi nyeusi humwingia akafanana na wazazi wake. Mtu amwonaye mtoto mweupe kifuani mwa mama yake juu ya mti asikimbilie kutangaza ajabu. Na arudi mwezi wa tatu au wa nne baada ya hapo, atazame tena. Ikiwa mtoto amebadilika, amejifunza jambo la kweli juu ya mbega. Ikiwa bado ni mweupe, hapo ndipo pana habari.

WALIOJULIKANA KWA PICHA

Katika mbuga ya Tarangire, Tanzania, wako wataalamu wa taasisi iitwayo Wild Nature Institute wanaochunguza maisha ya twiga. Kazi yao nyingi hufanywa kwa kamera. Mabaka ya twiga hayabadiliki tangu kuzaliwa hata kufa, wala hapana twiga wawili wenye mabaka sawasawa, kama vile hapana watu wawili wenye alama moja za vidole. Hupigwa picha ya ubavu wa kila twiga, kisha kompyuta hulinganisha picha hizo, na hivyo hujulikana ni nani yu hai, ni nani amezaa, na ni nani hakuonekana tena. Hapana haja ya kumkamata twiga wala kumtia alama.

Katika kazi hiyo alionekana mtoto wa kike wa twiga mwenye mwili mweupe, mabaka yake yakiwa hafifu mno. Kiongozi mmoja wa watalii alimwita Omo, kwa jina la sabuni ya unga ijulikanayo na kila mwanamke afuaye nguo. Mwezi wa Januari 2016 alipigwa picha tena, akiwa na umri wa miezi 15 hivi, akitembea kwa amani katikati ya twiga wenye rangi ya kawaida. Picha hiyo ilithibitisha mambo mawili. Kwanza, amevuka miezi ile ya mwanzo ambayo watoto wengi wa twiga huuawa na simba na fisi. Pili, wenzake hawakumtenga kwa sababu ya rangi yake.

Si kila mnyama apokewaye hivyo. Katika msitu wa Budongo, Uganda, mwezi wa Julai 2018, watafiti waliona katika kundi la sokwe liitwalo Waibira mtoto mchanga mweupe, zeruzeru wa kweli. Haikuwahi kuandikwa kabla ya hapo habari ya sokwe wa namna hiyo katika pori. Wakubwa wa kundi walipomwona walipiga kelele za hofu, zile wazipigazo wanapokutana na kitu cha hatari. Siku chache baadaye watafiti waliwaona sokwe wakubwa wakimwua mtoto yule. Alipokwisha kufa, sokwe wengi wa kundi walikuja mmoja mmoja wakamgusa, wakamnusa na kumtazama kwa muda mrefu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2021. Watafiti wale walitazama na kuandika, nao hawakuingilia mambo ya kundi. Ni habari ya huzuni, lakini isingaliandikwa kama watu wale wasingalikuwa na subira ya kukaa kimya msituni siku nyingi.

Iko na habari ya kale kidogo ambayo yafaa ikumbukwe. Mwaka 1966, katika nchi ambayo sasa ni Guinea ya Ikweta, alikamatwa mtoto wa gorila mweupe, na mama yake aliuawa. Mtoto alipelekwa Hispania, katika bustani ya wanyama ya Barcelona, akaitwa Copito de Nieve, maana yake chembe ya theluji. Mwaka 1967 picha yake ilitokea mbele ya gazeti la National Geographic la Marekani, akawa mnyama mashuhuri. Alikaa katika bustani hiyo hata mwaka 2003, alipokufa kwa saratani ya ngozi. Miaka kumi baadaye wataalamu waliochunguza urithi wake walionyesha kwamba wazazi wake walikuwa ndugu wa karibu. Watu wengi sana walimwona na kumpenda, lakini walimwona katika bustani, si katika msitu wake. Tofauti ya Omo na Copito de Nieve ndiyo tofauti ya kupiga picha na kukamata.

TWIGA WEUPE WA GARISSA

Habari yenye fundisho kubwa kuliko zote ni ya hapa Kenya. Katika Ijara, kaunti ya Garissa, karibu na mto Tana, wenyeji walitenga nchi yao wenyewe kuwa hifadhi, nayo yaitwa Ishaqbini. Hapo huhifadhiwa hirola, swala adimu ambaye nchi yake ya asili ni sehemu zile za mpakani mwa Kenya na Somalia. Mwezi wa Juni 2017 mwanakijiji mmoja alitoa habari ya kuona twiga mweupe pamoja na mtoto wake. Askari wa hifadhi na wataalamu wa hirola walikwenda, wakawakuta, wakawapiga picha za kutembea. Katika picha hizo mama anaonekana akipita huku na huku mbele ya watu bila woga mwingi, huku akimwonya mtoto wake ajifiche nyuma ya vichaka. Macho yao yalikuwa meusi, na hivyo ikajulikana kuwa weupe wao ni leusizimu.

Picha hizo zilitazamwa duniani kote. Hifadhi ya watu wa Ijara, iliyokuwa haijulikani hata na Wakenya wengi, ikapata sifa. Mwaka 2019 mama yule alizaa tena. Lakini mwezi wa Machi 2020 ilitangazwa kwamba, baada ya kutafutwa kwa muda mrefu, mama na mtoto mmoja walionekana wakiwa mifupa tu, wameuawa na majangili. Mkuu wa hifadhi alisema kwamba siku hiyo ilikuwa ya huzuni kwa watu wote wa Ijara. Akabaki twiga mweupe mmoja tu, dume. Tarehe 8 Novemba mwaka ule ule alifungwa katika pembe yake chombo kidogo kipelekacho habari za mahali alipo kila saa, ili askari wajue anakokwenda.

Haisemwi kwamba picha ndiyo iliyowaua twiga wale. Waliowaua ni watu wenye silaha na tamaa. Lakini kila mtu mwenye kamera hana budi kujifunza kwamba mnyama mweupe hana mahali pa kujificha. Wahenga walisema, kizuri chajiuza. Rangi yake imekwisha kumtangaza, na mpiga picha akimtangaza mara ya pili, na atazame ni nani asikiaye. Hapo hapo isisahauliwe kwamba mwanakijiji mmoja aliyesema aliyoyaona, kwa watu wapasao kuambiwa, ndiye aliyewawezesha wataalamu kuwajua twiga hao. Basi kunyamaza kabisa si dawa, wala kusema ovyo si dawa.

JINSI YA KUPIGA PICHA

Upigaji wa picha za wanyama porini si kazi mpya katika nchi zetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings aliwapiga picha wanyama usiku kwa mwako wa taa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na mwaka 1905 alitoa kitabu chake. Lakini Schillings alichukua kamera mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na tangu hapo kamera imebaki peke yake. Basi mwenye kamera na azingatie mambo haya.

Jambo la kwanza ni umbali. Mnyama akiacha kula, akiinua kichwa na kumkazia mtu macho, mtu huyo amekaribia mno. Arudi nyuma taratibu. Katika Maasai Mara imeamriwa kwamba magari yasizidi matano mahali alipo mnyama mmoja, na kwamba gari lisimkaribie mnyama chini ya meta 25. Amri hiyo imewekwa kwa wanyama wote. Kwa mnyama mwenye macho dhaifu inafaa zaidi, maana yeye hategemei sana kuona, bali hutegemea kusikia na kunusa, na kelele za magari humfungia milango hiyo miwili.

Jambo la pili ni nuru. Kamera hupima mwangaza wa mahali pote, kisha hutafuta wastani. Mnyama mweupe akiwa mdogo katikati ya msitu wenye giza, kamera hudhani kwamba mahali pote ni giza, huongeza nuru, na mnyama hutokea kama karatasi tupu isiyo na jicho wala unyoya. Hapo yafaa kupunguza nuru. Kwa simu nyingi mtu huweza kugusa juu ya kioo pale alipo mnyama, kisha akavuta kidole kushuka chini. Kinyume chake, mnyama mweupe akijaa katika picha nzima, kamera humgeuza kuwa wa rangi ya majivu, na hapo yafaa kuongeza nuru kidogo. Wakati ulio bora ni asubuhi mapema na jioni, jua linapokuwa chini na laini. Jua la saa sita huchoma weupe wote na kuuharibu.

Jambo la tatu ni taa ya kamera. Taa hiyo isiwashwe kamwe mbele ya mnyama zeruzeru. Jicho lisilo na melanini halina pazia la kujikinga, na mwako wa ghafula waweza kumpofusha kwa muda mfupi. Muda huo mfupi wamtosha chui.

Jambo la nne ni utulivu wa mkono. Wapigaji picha wenye kazi hii huegemeza kamera zao juu ya mfuko mdogo wenye maharagwe uliowekwa katika dirisha la gari. Watu wa Silibwet hawana haja ya kununua chombo hicho mjini. Shamba limekwisha kukitoa. Tena kijana asidanganywe na simu kukaribia kwa sababu haioni mbali. Afadhali picha ndogo ya mnyama aliyetulia kuliko picha kubwa ya mnyama akimbiaye.

Iko na njia nyingine, ya kamera ya mtego. Kamera hiyo haikamati kitu ila sura. Hufungwa katika mti kando ya njia ya wanyama, na apitapo kiumbe mwenye joto la mwili hujifungua yenyewe ikapiga picha, hata usiku, wala pasiwe na mtu. Kwa njia hiyo mpiga picha Will Burrard-Lucas alipata katika Laikipia picha za chui mweusi zilizotangazwa mwaka 2019. Chui mweusi ni kinyume cha mnyama mweupe, maana yeye amezidishiwa melanini, lakini subira ihitajiwayo ni ile ile. Atakaye kufunga kamera kama hiyo katika msitu wa serikali na aombe kwanza ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu, ili asije akadhaniwa kuwa mwizi wa miti au mtega wanyama.

KUSEMA NA KUNYAMAZA

Picha ikiisha kupigwa, kazi haijaisha. Simu nyingi huandika ndani ya picha alama za mahali ilipopigwa, ingawa mwenye simu hazioni. Mtu akiituma picha kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki, huenda alama hizo zikasafiri pamoja nayo. Kwa hiyo yafaa kuzima uwezo huo wa simu kabla ya kupiga. Kadhalika na itazamwe nyuma ya mnyama: kilima kijulikanacho, daraja, nyumba ya kuchomea makaa, au mti mkubwa wa peke yake huweza kumwambia jangili mengi kuliko maandishi.

Habari ya kwanza ipelekwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya au kwa chifu, tena kwa siri. Wao wajue mahali na siku. Watu wengine wote wanatosheka kujua kwamba yupo. Akitaka mtu kuonyesha picha kwa jamaa zake au kuiuza gazetini, si kosa. Kazi yake ina thamani, na jina lake na liandikwe chini ya picha. Lakini na aitoe baada ya siku kupita, wala asitaje kijito wala kilima.

Wazee wa Kipsigis hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno ya kigeni. Koo nyingi zina wanyama wao, na miongoni mwao wamo simba na tembo, na mtoto wa ukoo alifundishwa tangu zamani kumheshimu mnyama huyo kama jamaa. Mtu hasimulii sokoni mahali alipolala jamaa yake mgonjwa. Mnyama mweupe ni kama jamaa mwenye udhaifu, na heshima ile ile yamfaa.

NENO JUU YA WANADAMU

Haiwezekani kusema habari za wanyama hawa bila kuwakumbuka watu. Si halali kumfananisha mtu na mnyama, na neno zeruzeru, litumikalo hapa kwa wanyama, halimpendezi mwanadamu. Yafaa kusema mtu mwenye ualbino. Lakini elimu ya melanini ni moja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, watu wenye ualbino waliohesabiwa katika Kenya walikuwa 9,729. Ni wakulima, walimu, waamuzi wa mahakama na wabunge. Nao wameteseka kwa sababu ya uwongo ule ule umwuao mnyama mweupe, yaani kudhani kwamba weupe ni uchawi au ni mali. Katika Tanzania hasa, tangu miaka ya 2006 na 2007, wengi waliuawa au kukatwa viungo kwa ajili ya uwongo huo, na mateso hayo yalivuka hata mipaka ya nchi jirani. Ndiyo sababu tangu mwaka 2015 tarehe 13 Juni huadhimishwa kila mwaka duniani kote kuwa siku ya kuelimisha watu juu ya ualbino.

Basi kijana aliyejifunza kutomkaribia mnyama mweupe bila hadhari na ajiulize afanyalo sokoni. Mtoto mwenye ualbino akipita na mama yake, simu zisiinuliwe. Yeye si ajabu ya kupigwa picha. Anahitaji kofia pana, mafuta ya kukinga jua, ambayo serikali hutoa kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kiti cha mbele darasani ili auone ubao. Mwenye kutaka picha yake na aombe ruhusa kwake na kwa wazazi wake, kama aombavyo kwa mtu mwingine ye yote.

Mambo yaliyosemwa hapa si mengi. Mnyama mweupe ni mtoto wa wazazi wa kawaida, aliyezaliwa na mzigo wa jua na wa macho ya watu. Picha njema humwonyesha jicho lake bila kuliumiza, na humtangaza kuwapo kwake bila kuitangaza njia yake. Mvua ikinyesha juu ya Mau, maji yatashuka tena kwa Nyangores kwenda Mara, na huenda huko chini yuko mmoja anywaye ambaye hajaonwa bado na mtu. Siku atakapoonwa, na awe wa bahati ya kuonwa na mtu wa Silibwet aliyeyasikia maneno haya, mwenye simu mkononi na busara kichwani.